Jicho moja linafunga ukungu, kisha linafunguka: maswali tunayoulizwa sana Goma

Mimi ni muuguzi wa macho hapa Goma. Mtu anayefika kwetu asubuhi jicho limevimba, jekundu, machozi yanamtoka, hanitii hofu sana, kwa sababu maumivu yenyewe yamemleta. Ninayemhofia ni yule aliyemsindikiza, ambaye anasema akiwa tayari mlangoni: "Hata mimi juzi jicho hili lilifunga kama moshi, ila limeshafunguka." Maswali haya ni ya watu wa namna hiyo. Nimejibu kirefu pale ambapo kuchelewa kunaweza kumpofusha mtu, na kwa ufupi pale penye jambo dogo.

Ukungu ukiondoka wenyewe, si ina maana nimepona?

Hapana. Ukungu ni ishara tu. Ishara ikiondoka, kilichoileta kinaweza kuwa bado kipo. Inawezekana ni machozi yaliyokauka kwa ajili ya vumbi, jambo la kawaida kwetu. Inawezekana pia ni kipande cha damu iliyoganda kilichoziba mshipa mdogo wa jicho kwa dakika tano kikapita. Mtu aliyepatwa na la kwanza na aliyepatwa na la pili wanaweza kutumia neno lilelile, "ukungu". Kinachowatenganisha ni maelezo mengine: ulikuja ghafla au polepole? Ulikaa muda gani? Ukipepesa macho unabadilika? Kulikuwa na maumivu? Ndiyo maana tunauliza maswali mengi kabla ya kuwasha taa yoyote.

Nitajuaje kama kweli ni jicho moja?

Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, angalia kitu kimoja kilicho mbali kidogo, kisha badilisha mkono. Nondo za dirisha zinafaa sana, maana ni mistari iliyonyooka na utaona mara moja kama imepinda au kama kuna mahali haionekani. Fanya hivyo wakati ukungu upo, usingoje upite.

Mama mmoja anayeuza sambaza soko la Virunga alikuja akilalamikia jicho la kushoto. Mikono yake ilikuwa bado na magamba ya samaki. Nikamwambia, "Mama, funika la kulia, uniangalizie kalenda pale ukutani." Akasoma mpaka tarehe ndogo. Nikamwambia abadilishe. Akanyamaza, akasogeza kichwa huku na huku, halafu akasema taratibu: "Mwanangu, kalenda imekwenda wapi?" Jicho lililokuwa gonjwa ni la kulia, naye alikuwa amelitilia dawa la kushoto kwa miezi miwili. Hakuwa mjinga. Jicho zima humbebea mwenzake mzigo, na mtu anaweza kukaa muda mrefu bila kugundua kwamba anaona kwa jicho moja tu.

Kama ukungu upo hata ukifunika jicho lipi, basi shida iko kwenye macho yote mawili au nyuma zaidi, kwenye ubongo. Hilo nalo mwambie munganga, yaani daktari, kwa sababu linabadilisha njia ya kutafuta.

Ni lini nisingoje hata kesho?

Jicho moja likizima au kufunga ukungu ghafla, bila maumivu, kisha likafunguka baada ya sekunde au dakika chache, nenda hospitali siku hiyohiyo. Wengi husimulia pazia linaloshuka kutoka juu, au kivuli kinachofunika picha yote. Hasa ukiwa umepita miaka 50, au una tansio (shinikizo la damu), sukari, ugonjwa wa moyo, au unavuta sigara. Usifurahi kwamba limefunguka. Kufunguka kwake ndiko kunakopoteza watu.

Baba yangu mdogo alikuwa na duka la vitenge Birere. Siku moja akihesabu pesa, pazia likashuka kwenye jicho la kulia, likakaa muda wa kunywa kikombe cha chai, likapanda. Usiku alitusimulia kwenye sahani ya sombe, tukasema ni uchovu. Nilikuwa muuguzi tayari, ila sikuwa bado kwenye upande wa macho, na mimi ndiye niliyemwambia apumzike. Siku ya tisa alianguka dukani, mkono na mguu wa kushoto havikusogea tena. Walipompima tansio ilikuwa 18 kwa 11, yaani 180/110. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mtu yeyote mwenye pazia la ghafla kwamba apumzike.

Nenda haraka pia ukiona cheche au mwanga kama wa radi pembeni mwa jicho, vidoadoa vyeusi vingi vilivyoanza leo, au kivuli kinachotambaa kutoka pembeni: inaweza kuwa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inabanduka. Nenda ukiwa na jicho jekundu linalouma sana pamoja na kichefuchefu. Nenda ukipigwa na kitu jichoni. Na kama umepita miaka 50, kichwa kinauma kwenye panja, ngozi ya kichwa inauma ukichana nywele na taya linachoka ukitafuna, sema hayo yote kwa pamoja. Huenda ni uvimbe wa mishipa ya damu. Si ugonjwa tunaouona kila siku kwetu, lakini ukiachwa unaweza kuchukua jicho la pili ndani ya siku chache.

Ukungu ukija pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au mkono kulegea, hicho ni kiharusi, AVC kama tunavyosema hapa. Usitafute munganga wa macho. Tafuta hospitali kubwa iliyo karibu.

Mshipa wa shingo unahusikaje na jicho?

Weka vidole viwili pembeni mwa koo, utasikia damu inapiga. Mshipa huo ndio unaopeleka damu kwenye ubongo wa upande ule, na tawi lake moja linakwenda kwenye jicho. Kwa miaka ya tansio, sukari, mafuta kwenye damu na sigara, ukuta wake wa ndani unajaa uchafu mgumu. Kipande kikibanduka, au damu ikiganda ndani ya moyo usiopiga sawa, kinasafiri. Kikiingia kwenye mshipa wa retina, jicho linazima. Kikisagika na kupita, linafunguka. Kinachofuata kinaweza kwenda kwenye ubongo badala ya jicho, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika saa 48 za kwanza. Kisipopita kabisa, retina inakosa damu, na ndani ya saa chache tu inakufa bila kurudi.

Watu huniuliza kama wameze aspirini wakiwa njiani. Usijianzishie. Kiharusi cha mshipa kuziba na kile cha mshipa kupasuka vinafanana kwa nje, na aspirini inayosaidia cha kwanza inaweza kudhuru kwenye cha pili. Munganga akishakupima atakuandikia, na wengi huandikiwa.

Ukungu wangu unaondoka nikipepesa macho. Je, huo nao ni hatari?

Huo ndio ninaoupenda kusikia. Ukungu unaobadilika kwa kupepesa uko juu ya jicho, kwenye machozi, si ndani. Machozi ni kama rangi ya vanishi juu ya meza: yakiwa laini unaona vizuri, yakipasuka mabaka unaona ukungu. Jicho moja linaweza kukauka kuliko jingine, kwa mfano lile linaloelekea upepo au moshi.

Na Goma hatukosi vya kukausha macho. Sehemu ya mji huu imekaa juu ya lava ya Nyiragongo ya Januari 2002, na vumbi lake si la udongo laini, ni punje za mawe zenye ncha. Motari anayekimbia siku nzima kioo cha kofia kikiwa juu, mama anayeinama kwenye mbabula (jiko la makaa) akipepea moto, kijana anayetazama simu saa tano bila kupepesa: wote wanafika na hadithi moja. Macho yanachoma, yanahisi mchanga, saa nyingine yanatoa machozi mengi, jambo linalowashangaza watu. Jicho kavu linalia kwa sababu limekereka.

Chemsha maji, yaache yapoe hadi uweze kuyavumilia kwenye mkono upande wa ndani, loweka kitambaa safi, ukamue, uweke juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni. Joto hilo linayeyusha mafuta ya kope yanayozuia machozi kukauka. Mbabula iwashie nje, ukae upande ambako upepo unatoka. Kioo cha kofia kishushe. Kuna pia machozi ya bandia kwenye farmasi. Chupa ikishafunguliwa, ukae nayo wiki nne tu, kisha uitupe hata kama imebaki nusu. Ukungu usipopungua baada ya wiki mbili, njoo tuangalie.

Jioni naona duara za rangi kuzunguka taa, na jicho linauma kidogo. Nikilala linapona.

Usiendelee kulala nalo. Katika giza mboni inapanuka, na kwa baadhi ya watu inaziba njia ambayo maji ya ndani ya jicho yanatokea. Tansio ya jicho inapanda, kioo cha mbele cha jicho kinajaa maji, taa zinapata duara kama upinde wa mvua. Usingizini mboni inasinyaa, njia inafunguka, nawe unaamka mzima. Siku moja haitafunguka. Hapo ni maumivu makali, kutapika, na jicho gumu kama jiwe. Ikigunduliwa mapema, tundu dogo la leza linaweza kuzuia hayo yote.

Nieleze hapa jambo linalochanganya watu: tansio ya jicho si tansio ya mkono. Unaweza kuwa na 12 kwa 8 kwenye mkono na jicho likawa linaharibika. Kuna hata aina ya glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho) isiyouma, isiyoleta ukungu, inayokula uwezo wa kuona kutoka pembeni kimyakimya. Sisi watu weusi inatupata zaidi na mapema zaidi, kwa hiyo ukifika miaka 40 pima macho hata kama hulalamikii lolote, hasa kama baba, mama au ndugu alipofuka bila sababu kujulikana.

Nilikuwa nikisoma simu kitandani gizani. Nilipoinuka jicho moja lilikuwa halioni.

Ulikuwa umelala ubavu, jicho moja likiwa limezama kwenye mto? Mwaka 2016 madaktari wa London walieleza habari za wanawake wawili waliopatwa na jambo hilohilo. Jicho lililotazama simu lilizoea mwanga, lililofunikwa lilizoea giza. Ukizima simu, la kwanza linakuwa kama kipofu kwa dakika chache hadi lizoee. Halina madhara. Lakini hakikisha: kesho soma kwa macho yote mawili. Likizima tena, basi sababu haikuwa simu, na jibu lako liko kwenye swali la pazia hapo juu.

Naona mistari ya zigizaga inayometameta, kisha kichwa kinauma.

Hiyo mara nyingi ni kipandauso. Huanza na doa dogo, linapanuka polepole, mistari inang'aa, na huisha ndani ya dakika 5 hadi 60. Watu huapa kwamba ni jicho moja, wakifunika wanakuta iko pande zote mbili. Kumbuka tofauti: kipandauso huongeza mwanga na hukua polepole, pazia la mshipa huondoa mwanga na huja ghafla. Ikiwa imekuanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, usijipe jina la kipandauso mwenyewe.

Koko wangu alipasuliwa mtoto wa jicho, aliona vizuri, sasa jicho lilelile limerudia ukungu. Walimpasua vibaya?

Kwa kawaida hapana. Tunapotoa lenzi iliyochafuka tunaacha mfuko wake mwembamba ili ushike lenzi mpya. Kwa miezi au miaka mfuko huo unaweza kuwa mweupe nyuma. Leza inafungua dirisha dogo katikati, kazi ya dakika chache, bila kisu. Mpeleke akapimwe, kwa sababu ukungu baada ya upasuaji unaweza kuwa na sababu nyingine. Na kama ni siku chache tu tangu apasuliwe, jicho likawa jekundu na kuuma, mrudishe leo.

Sukari, tansio, SS (selimundu): yanaingia wapi?

Sukari ikipanda na kushuka, lenzi inavimba na kusinyaa, leo unaona, kesho huoni. Kwa kawaida hiyo hugusa macho yote mawili. Jicho moja likiingia ukungu wenye nyuzi au masizi yanayoelea, huenda mshipa wa retina umevuja damu. Wenye sukari ya muda mrefu, na wenye SS pia, wanaweza kutokwa damu hiyo. Sukari ya 126 (mg/dl) au zaidi kabla ya kula, ikipimwa mara mbili, ni ugonjwa. Tansio ya 14 kwa 9 au zaidi inayorudi kila ukipimwa ni ugonjwa pia. Nimewaona wagonjwa waliojua kwamba wana sukari kwa sababu jicho liliwaambia kwanza.

Farmasi wameniuzia matone, na yananisaidia. Niendelee?

Nionyeshe chupa. Hili ndilo jibu langu kila mara, na ningependa liwe lako pia: soma chupa.

Kijana mmoja alinifungulia leso iliyofungwa mafundo mawili. Ndani kulikuwa na kichupa, karatasi yake imesuguliwa mpaka herufi nusu zimeondoka, lakini mwisho wa jina ulisomeka: "-sone". Alikuwa akitilia kila jicho likiwasha, miezi minane. Mwasho uliondoka kweli. Tulipopima tansio ya jicho, ambayo kwa kawaida ni kati ya 10 na 21, ilikuwa 38. Neva ya jicho ilikuwa imeshaliwa, na kilicholiwa pale hakirudi.

Matone yenye deksametasone, betametasone au prednisolone ni dawa nzuri mkononi mwa anayepima. Yanatuliza wekundu kwa siku mbili, ndiyo maana watu wanayapenda. Lakini kwa wengine yanapandisha tansio ya jicho ndani ya wiki chache, yanaleta mtoto wa jicho, na jicho likiwa na kidonda cha virusi vya herpesi yanakipanua kidonda. Mara nyingi yamechanganywa na dawa ya vijidudu, kwa hiyo muuzaji anakuambia kwa nia njema kwamba ni "antibiotiki". Jina la dawa likiishia na -sone au -solone, usitilie kabla munganga hajaona jicho lako. Kama umeshatumia kwa muda, usiache bila kuonwa. Njoo tupime kwanza.

Na maji ya majani, au maziwa ya mama?

Hapana, hata yakiwa yamechujwa. Nimeona vidonda vya kioo cha jicho vilivyoanza na hayo. Jichoni weka maji safi ya kuoshea vumbi, basi.

Mimi navunja mawe. Au nasodea (nachomelea vyuma).

Chembe ya jiwe inaweza kuingia bila maumivu makubwa na ukungu ukaja baadaye. Kama kitu kilirukia jicho wakati wa kugonga nyundo, usilisugue, usilibonyeze, lifunike kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, kama kikombe kidogo cha plastiki, uende. Aliyesodea bila kioo ataamka usiku macho yakiwaka moto. Yanapoa kwa siku moja au mbili, lakini mara nyingi yanaacha fundisho la muda mfupi tu, na wiki ijayo anasodea tena bila kioo.

Nikifika hospitali watanifanyia nini?

Utasoma herufi kwa jicho moja moja. Watapima tansio ya jicho, wataangalia kwa taa yenye darubini, na pengine watatia matone ya kupanua mboni ili waone retina. Baada ya hayo utaona vibaya karibu kwa saa kadhaa na jua litakuchoma, kwa hiyo njoo na mtu, na usiendeshe moto (pikipiki). Watapima tansio ya mkono na sukari, wasipofanya hivyo omba. Kwa pazia la ghafla watasikiliza moyo na shingo. Ukiambiwa munganga wa macho hayupo siku hiyo, usirudi nyumbani: omba daktari wa kawaida akuone, kwa sababu pazia ni kazi yake kama ilivyo yetu. Beba dawa zote unazokunywa, hata za kifua kikuu, maana etambutoli inaweza kudhuru neva ya jicho na kuharibu rangi, nyekundu hasa.

Nilifika jicho likiwa limefunguka. Waliangalia, hawakuona kitu, wakanirudisha. Sasa?

Hutokea, na haina maana kwamba ulidanganya. Retina inaweza kuonekana safi kabisa saa moja baada ya kipande cha damu kupita. Siku hiyo maelezo yako yana uzito kuliko taa yetu, na wengi hufika wakiwa wameyasahau. Chukua daftari la shule la mtoto, ukurasa wa nyuma, uandike kila mara inapotokea, palepale, kabla ya kumsimulia mtu. Kwa mfano hivi: "Jumanne, saa nne asubuhi, nimesimama dukani. Jicho la kulia. Pazia kutoka juu. Dakika saba kwa saa ya simu. Bila maumivu. Nimefunika la kulia, la kushoto linaona nondo zote." Ukileta mistari hiyo, nitakuingiza kwa daktari kabla ya watu wote walio kwenye benchi.